Kima, mkongojo na mtoto wa miaka minne: kuchagua msitu wa Jumapili Nairobi

SWALI: Tunaishi Kahawa West. Nina watoto watatu, wa miaka 4, 9 na 12, na tunakaa na mama mkwe wangu wa miaka 71 anayetembea kwa mkongojo. Mwezi uliopita tulikwenda msitu wa Karura kwa mara ya kwanza. Chupa zetu za maji zilizuiwa langoni, tukafuata njia ya maporomoko, nyanya akachoka kabla ya kurudi na mdogo akabebwa njia nzima. Wiki iliyofuata tukajaribu bustani ya City Park, kima wakamnyang'anya mtoto mkate. Sasa mume wangu anasema watoto wacheze tu kwenye kiwanja cha mtaani. Mimi nataka twende penye miti kila wiki. Twende wapi, saa ngapi, tubebe nini? Na hicho kiwanja kinatosha?

JIBU: Mama, mambo yaliyowapata yana sababu zinazojulikana, na hakuna hata moja linaloonyesha kwamba Karura au City Park hapafai. Mlichagua mahali kwa sifa yake, mkatembea kwa hesabu ya mtu mwenye magoti mazima, kisha mkafungua chakula mbele ya wanyama waliozoea kulishwa. Siku ya familia penye miti hupangwa kwa kumwangalia aliye mnyonge kuliko wote. Kwenu wanyonge ni wawili, nyanya na huyo wa miaka minne, na kwa bahati nzuri mwendo wao unalingana.

Mtu mzima mwenye afya hutembea kama kilomita 4 kwa saa kwenye njia nzuri ya msituni. Mtoto wa miaka minne, akiachiwa nafasi ya kumtazama jongoo na kuokota vijiti, hufika kilomita moja na nusu, au mbili akiwa na furaha. Nyanya mwenye mkongojo ni hivyo hivyo, na anahitaji kukaa kila baada ya dakika kumi au kumi na tano. Kwa hiyo saa mbili za matembezi yenu ni kilomita 3 jumla, kwenda na kurudi. Njia ya maporomoko ya Karura kutoka lango la Limuru Road, kwenda na kurudi, inapita kipimo hicho, na mwishoni kuna ngazi za kuteremkia mtoni. Kila ngazi mliyoteremka ilikuwa inawasubiri kuipanda.

Kosa la wengi ni kugeuka mtu akishachoka. Geukeni wakati mdogo bado anakimbia mbele. Mkipanga saa mbili, dakika arobaini za kwanza ni za kwenda na zote zinazobaki ni za kurudi na kupumzika. Mtoto akianza kuuliza "tumefika?" ujue mmechelewa kugeuka.

Kuhusu mkongojo wenyewe: hushikwa kwa mkono wa upande wa pili wa goti linalouma, si upande uleule kama wazee wengi wanavyofanya. Kupanda, mguu mzima hutangulia. Kuteremka, mkongojo na mguu mbovu hutangulia pamoja. Wengi hudhani mlima ndio adui wa magoti, kumbe ni mteremko, kwa sababu misuli ya paja hubeba uzito wote wa mwili huku ikijikunjua. Tazama pia raba ya chini. Ikishalika ikawa laini, itateleza kwenye kabro yenye unyevu na kwenye majani makavu. Maduka ya vifaa vya hospitali huuza raba peke yake, na ni rahisi kuibadilisha nyumbani.

Sasa twende wapi. Kwa hali yenu ningeanza na Nairobi Arboretum, kama kilomita 3 kutoka katikati ya jiji, jirani na Ikulu. Ilianzishwa mwaka 1907 kama mahali pa kujaribia miti ya kigeni, kwa sababu reli ilihitaji kuni za kuendeshea magarimoshi na serikali ya kikoloni ilitaka kujua ni mti gani ungekua haraka hapa. Leo ni bustani ya hekta 30 hivi yenye aina zipatazo 350 za miti, wenyeji na wageni, na mingi imewekewa vibao vya majina. Ubora wake kwenu ni umbo la ardhi. Upande wa juu una nyasi pana na njia zisizo na miinuko mikali. Upande wa chini ardhi inateremka hadi kijito cha Kirichwa Kubwa. Nyanya abaki juu. Mnaweza kukaa saa tatu nzima bila kwenda mbali na lango, na watoto wakaona miti mingi kuliko waliyoiona siku ile mliyohangaika Karura.

Kufika huko kwa matatu mtabadilisha gari mjini. Kipande cha mwisho mchukulieni nyanya teksi. Kupanda State House Road kwa miguu kutamaliza nguvu zake kabla hajaona hata mti mmoja.

Karura msiiache. Ni zaidi ya hekta 1,000 za msitu ndani ya jiji, na kwa mtu wa Kahawa West ndiyo iliyo karibu. Safari hii ingieni upande wa Kiambu Road, karibu na makao makuu ya Kenya Forest Service, badala ya kuzunguka hadi Limuru Road. Northern Bypass inapita kwenu: mkikodi gari, mtatoka nayo hadi Kiambu Road kisha mteremke kuelekea mjini, bila kugusa msongamano wa Thika Road. Kwa matatu, shukeni Muthaiga mpande za Kiambu, ila kumbukeni kwamba hapo mtavuka Thika Road kwa daraja la miguu, na madaraja yale ni marefu kwa mtu mwenye mkongojo. Mkiingia, msitafute maporomoko wala mapango. Chukueni njia pana yoyote iliyo tambarare, mtembee dakika thelathini, mkae, mrudi.

Jambo moja la Karura ambalo wageni hawalitumii: makutano ya njia yana namba. Mfundishe huyo wa miaka 12 kuzisoma kwa sauti kila mnapofika. Mkipotea, au nyanya akishindwa kuendelea, hutahitaji kumweleza askari wa msitu kwamba "tuko kwenye miti mirefu". Utamtajia namba mbili za mwisho mlizopita, naye atajua mko wapi. Pigeni picha ramani iliyobandikwa langoni kabla ya kuingia, kwa maana ndani mtandao wa simu hukatika mahali mahali.

City Park ina msitu wa asili ambao ni hazina. Ndipo pia alipozikwa Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa mwaka 1965, na Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, pamoja na mkewe Sheila. Mtoto wa miaka 12 anastahili kuonyeshwa makaburi hayo. Lakini iwe ziara ya saa moja, mbaki sehemu zenye watu, na mle kabla ya kuingia. Msitu wa Ngong Road uache kwa siku ambayo nyanya hayupo na mko kundi kubwa; ni mkubwa, njia zake zina upweke, na familia yenye mtoto mdogo haifai kuwa peke yake ndani.

Iwapo mume wako atakubali kuja, kuna mpango unaotuliza kila mtu. Mtu mzima mmoja anakaa na nyanya na mdogo kwenye nyasi karibu na lango. Mwingine anawachukua wale wawili wakubwa kwa mzunguko wa saa moja, wa haraka kidogo, kisha mnabadilishana. Semeni saa ya kukutana kwa dakika kamili. Msimwachie nyanya mtoto wa miaka minne peke yake: mtoto akikimbilia njia ya baiskeli, nyanya hatamfikia.

Kuhusu saa. Nairobi jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na saa nzuri msituni ni kuanzia saa moja na nusu hadi saa nne asubuhi. Ndege wana shughuli, maegesho yana nafasi, wapanda baiskeli hawajajaa. Siku za Jumapili kuanzia saa nne Karura hufurika. Mchana jua la hapa ni kali kuliko baridi yake inavyodanganya, kwa sababu tuko karibu na ikweta na mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtoto huungua shingo hata siku ya mawingu. Kofia pana inafaa kuliko kapelo. Miezi ya Juni hadi Agosti geuza ratiba: ondokeni saa nne, maana ubaridi wa asubuhi hukaza magoti ya wazee na huamsha pumu ya watoto. Jioni msikae hadi dakika ya mwisho. Chini ya miti giza hutangulia nusu saa kabla ya uwanjani, na mwendo wenu ni wa polepole. Muwe mmeshika njia ya kurudi saa kumi.

Mvua ni habari nyingine. Magharibi na kaskazini mwa Nairobi, ilipo Karura na Arboretum, udongo ni mwekundu wa mfinyanzi. Ukikauka ni mgumu na mzuri kutembea. Ukilowa, tabaka la juu hugeuka sabuni huku chini kukiwa kugumu, na ndiyo maana mtu huanguka hata mahali tambarare. Kati ya Machi na Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, subirini siku moja kavu baada ya mvua kubwa kabla ya kumpeleka nyanya. Viatu viwe vya raba yenye meno. Ndala na viatu vya ngozi vya kanisani ndivyo vinavyovunja viuno vya wazee.

Chupa zenu zilizuiwa kwa sababu tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye maeneo yaliyohifadhiwa Kenya: mbuga, misitu, fukwe. Chupa za maji za dukani, sahani na vikombe vya kutupa, vijiko vya plastiki na mirija, vyote vinahusika. Askari hakuwaonea. Nunua chupa ngumu za kujaza tena, za chuma au plastiki nene. Kila mtoto nusu lita kwa saa mbili, kila mtu mzima lita moja, na termosi ya chai kwa nyanya. Maji ya mito msiyaguse kwa ajili ya kunywa wala kuchezea. Mito inayopita Karura hutoka kwenye makazi ya juu na hubeba majitaka, hata pale inapoonekana safi kama kioo.

Ada za kuingia na namna ya kuzilipa zimebadilika zaidi ya mara moja, kwa hiyo thibitisha siku moja kabla. Mwenendo sasa ni kulipa kwa simu, basi weka pesa kwenye simu na uchaji betri. Beba kitambulisho, kwani mwananchi, mkazi na mgeni hutozwa bei tofauti.

Nije kwa kima, maana hapo ndipo mumeo alipokata tamaa, na hapo ndipo penye mengi ya kujua.

Nairobi mtakutana na tumbili, kima na mbega. Tumbili ana uso mweusi na manyoya ya kijivu hafifu. Kima ni mzito, mweusi-kijivu, mwenye nywele nyeupe kooni. Huyu ndiye wa City Park, Karura na Arboretum. Mbega ni yule mweusi mwenye vazi jeupe mgongoni na mkia wenye kishungi, aliyerudishwa Karura miaka kumi hivi iliyopita baada ya kutoweka. Mbega hula majani zaidi na tumbo lake limeumbwa kuyachachusha, kwa hiyo mkate wako haumvutii. Atakaa juu akikutazama. Kima hula matunda na wadudu, na tumbo lake linapokea chochote kitamu. Kipande kimoja cha keki kina nguvu ambazo angezitafuta kwa muda mrefu juu ya miti. Akishaonja, hesabu yake inabadilika kabisa: mikono ya watoto inakuwa mti wenye matunda, tena mti mfupi.

Kwa hiyo kima aliyemnyang'anya mwanao hakuanza siku ile. Alifundishwa na watu wazima waliomrushia karanga wapate picha. Na wa kuibiwa kwanza ni mtoto, kwa sababu ni mfupi, hushika chakula mbele ya kifua, na hukimbia akitishwa.

Fanyeni hivi. Kuleni kifungua kinywa kizito nyumbani, ili msituni mle mara moja tu. Chakula kiwe ndani ya mkebe wenye kifuniko, mkebe ndani ya begi la zipu, begi mgongoni mwa mtu mzima. Kamwe kisiwe kwenye mfuko wa karatasi wala mikononi. Kabla ya kufungua, tazameni juu, si pembeni tu. Kima wakiwepo, songeni mita mia mbili kwanza. Kaeni kwa duara, migongo nje, mdogo katikati, mle kwa dakika kumi, mfunge. Viazi vitamu na chapati za kukunja havitoi harufu kali. Maandazi, kuku wa kukaanga na ndizi mbivu huita kundi zima. Maganda yote yarudi nyumbani. Mbegu za mapera na maembe zinazotupwa msituni huota, na mpera hasa huwabana miche ya miti ya asili.

Kima akisogea: usimkazie macho, usimwonyeshe meno hata kwa kucheka, kwa sababu kwake hiyo ni dalili ya ugomvi. Simama wima, mchukue mtoto, rudi nyuma polepole. Akishika chakula, kiachie. Kuvutana naye ndiko kunakoleta kuumwa. Na mtu akiumwa au akiparuzwa hadi ngozi ikachubuka, jambo hilo si dogo: osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano kamili, kisha mwende hospitali siku hiyohiyo mkaulize chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Kipande cha sabuni kwenye begi ni dawa ya kwanza. Msipake majivu, msifunge jeraha kwa nguvu, msisubiri kesho.

Kuna viumbe wadogo pia. Siafu hutembea kwa misururu, hasa nyakati za mvua, na mtu huwakanyaga akiwa anatazama juu. Ukihisi wa kwanza, toka hapo mbio hatua ishirini kabla ya kuanza kuwabandua. Anayesimama kujikung'uta palepale anaongezewa wengine. Taya zao hushikilia hata mwili ukikatika, kwa hiyo bana kichwa ndipo uvute. Suruali za watoto ziingie ndani ya soksi. Thabai, mmea unaowasha ngozi, humea kandokando ya njia zenye unyevu. Mweleze mdogo aache kushika majani asiyoyajua. Jioni mkirudi, wakagueni watoto kupe nyuma ya masikio, kwapani na kiunoni. Kupe hutolewa kwa kibano kikishika karibu na ngozi na kuvuta moja kwa moja. Mafuta, mshumaa na moto wa kiberiti humfanya ateme zaidi ndani ya ngozi.

Pa kukaa pia huchaguliwa. Msitandike leso chini ya mkalitusi mkubwa. Mti huo huangusha matawi mazito hata siku isiyo na upepo. Tazama chini: palipo na matawi makavu manene yaliyovunjika upya, juu kuna mengine yanayosubiri. Kaeni penye nyasi wazi, pembeni mwa kivuli, mhame nacho.

Watoto wawili wakubwa wawekeeni filimbi shingoni. Kanuni ni moja: ukiona umepotea, simama ulipo, puliza mara tatu, usitembee kututafuta. Mdogo mwandikieni namba ya simu mkononi kwa kalamu, na mpigeni picha langoni akiwa na nguo za siku hiyo. Nguo ziwe za rangi kali; kijani na kahawia humeza mtoto kwa hatua kumi tu. Nyanya abebe dawa zake za mchana, kama anazo, na, ikiwa ana sukari, kitu kitamu mfukoni mwake mwenyewe, si kwenye begi lililo na mtu aliyetangulia. Choo kitumiwe langoni mkiingia, hata kwa asiyehisi haja, na karatasi mwende nazo.

Mkifika, mfanye nini? Watoto huchoshwa na "kutembea tu", na hawana makosa. Wapeni kitu kimoja cha kufuatilia. Mukinduri ndio mti mzuri wa kuanzia kwa sababu umejaa Karura na hata kando ya barabara zenu. Okota jani lililoanguka: juu ni kijani cha kawaida, ligeuze, chini linang'aa kama lililopakwa fedha. Upepo ukipita, mti mzima hubadilika rangi, na ukishaliona hilo utautambua ukiwa mbali. Tafuteni tunda lake chini, gumu, la kijivu, ukubwa wa ndimu ndogo. Mlipasue kwa jiwe: ndani kuna vyumba vitatu, mbegu moja kila chumba. Mpe wa miaka tisa kazi ya kupasua kumi na kuhesabu ngapi zimeliwa na wadudu. Mti wa muthiga nao una ganda kali kama pilipili linalotumiwa kwa dawa ya kifua, na wengine huubandua hadi kuuzungusha. Mwonyeshe wa miaka 12 jeraha la namna hiyo akiliona, umweleze kwamba chakula kinachotengenezwa na majani hushukia mizizini kupitia tabaka la ndani ya ganda. Likikatwa kuzunguka shina lote, mizizi hufa njaa na mti hufuata.

Na mrudi mahali palepale. Familia nyingi hubadilisha bustani kila wiki kana kwamba ni sinema. Ukirudi Arboretum mara nne, nyanya atakuwa na benchi lake, mdogo atajua mti wa kukumbatia, na mtaanza kuona mabadiliko: mijakaranda kuchanua kuelekea Oktoba, nyasi kukauka Februari, vifaranga vya hadada kulia. Hofu hupungua kwa kuzoea, na mwenye hofu zaidi kwenu kwa sasa ni baba watoto.

Sasa kiwanja cha mtaani. Hapo mume wako ana hoja. Shirika la Afya Duniani upande wa Ulaya limependekeza kwamba kila mkazi wa mji awe na eneo la kijani la angalau nusu hekta hadi hekta moja ndani ya mita 300 kutoka nyumbani, na sababu ni hiyo hiyo ya miguu ya mnyonge: kilicho mbali hutumiwa na wenye nauli. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa watu karibu 20,000 na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba waliopata dakika 120 kwa wiki penye mazingira ya asili waliripoti afya na utulivu bora, na haikujalisha kama ni kwa mkupuo mmoja au vipande vipande. Dakika ishirini kila jioni kwenye kiwanja chenye nyasi na miti zinafikisha hesabu hiyo. Nyanya atafaidika zaidi na hizo kuliko na Jumapili moja ndefu kwa mwezi.

Ila kiwanja kitupu chenye vumbi hakitoi vyote. Kinampa mtoto mbio. Hakimpi kivuli, ukimya wala kiumbe wa kushangaa. Kwa hiyo jibu langu ni vyote viwili: kiwanja siku za kazi, Arboretum au Karura Jumapili mbili kwa mwezi mwanzoni.

Na kabla hamjakizoea, jueni ni cha nani. Mitaa mingi ya Nairobi imepoteza viwanja vya watoto kwa sababu kila mtu alidhani mwingine anajua. Ulizeni kwenye idara ya mipango miji ya kaunti kama ramani ya ugawaji wa ploti zenu inakionyesha kuwa eneo la wazi la umma, mpate namba ya ploti, kisha mfanye utafutaji wa umiliki kwenye ofisi ya ardhi. Mkikuta hati ya mtu binafsi juu ya ardhi iliyoachwa kwa umma, mna pa kupeleka malalamiko: Tume ya Taifa ya Ardhi, na mahakama ya mazingira na ardhi. Ardhi ya umma imeelezwa kwenye ibara ya 62 ya Katiba ya 2010. Si ndoto. Uhuru Park ilinusurika jengo la ghorofa 60 lililotangazwa mwaka 1989, na Karura ikanusurika kugawanywa ploti mwishoni mwa miaka ya tisini, kwa sababu Wangari Maathai na wenzake waliuliza hadharani ardhi ni ya nani na hawakuacha kuuliza hata walipopigwa.

Kikithibitika ni cha umma, ombeni idhini ya kaunti mpande miti michache pembezoni, mkiacha katikati wazi kwa mpira. Mikalitusi hapana. Mukinduri na muu, mti mwingine wa asili, huvumilia na hutoa kivuli ndani ya miaka michache; ipandeni mbali na kuta. Chimbeni shimo la sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu kando na wa chini kando. Rudisheni wa juu kwanza ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza. Pandeni baada ya mvua mbili tatu kubwa za mwanzo wa masika, udongo ukiwa umelowa hadi kina cha mkono kufikia kiwiko, kisha mzungushie kila mche miiba, maana mbuzi wa mtaani watafika kabla ya watoto. Miezi ya kiangazi, mche wa mwaka wa kwanza unataka ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki, imwagwe polepole jioni, na hiyo ni kazi ambayo wa miaka 9 na wa miaka 12 wanaiweza bila kusimamiwa.